Karatasi za Wittgenstein na Somo kwa Wasomi Wetu

Wahenga walipotuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, wengi wetu tulidhani waliwasema wenye maduka peke yao. Lakini ipo mali nyingine ambayo haina budi kuwekewa daftari, nayo ni fikra za wasomi. Katika makala haya nakusudia kumsimulia msomaji habari za mtu mmoja ambaye sifa zake nyingi zimetokana na madaftari yake. Hazikutokana na wingi wa vitabu alivyochapisha akiwa hai, bali na karatasi alizoziacha mezani, makashani na majumbani mwa watu. Mtu huyo ni Ludwig Wittgenstein, mzaliwa wa Austria aliyehamia Uingereza, akawa profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na akafia huko mwaka 1951.

Mimi hufundisha isimu, na kila mwaka hufika siku ambapo sina budi kulitaja jina lake mbele ya wanafunzi wa semantiki. Aghalabu wao hulipokea kama wanavyoyapokea majina mengine ya mbali: huliandika, hulikariri kwa ajili ya mtihani, kisha hulisahau. Hawajui kwamba lau watu watatu wangefanya uzembe kidogo tu, mwalimu wao asingekuwa na mengi ya kuwaeleza siku hiyo.

Wittgenstein alizaliwa mjini Vienna tarehe 26 Aprili 1889, akiwa kitindamimba katika jamaa ya watoto wanane. Baba yake, Karl, alikuwa bwanyenye wa viwanda vya chuma na mmoja wa matajiri wakubwa kabisa katika dola ya Austria na Hungaria. Nyumba yao ilijaa muziki, na mtunzi Brahms alikuwa miongoni mwa wageni waliobisha mlangoni pao. Hata hivyo, utajiri haukuizuia misiba. Kaka zake wawili walijitoa uhai, na wa tatu akapotea ugenini, jamaa wakaamini kwamba naye alijiua. Kaka mwingine, Paul, mpiga piano, alipoteza mkono wa kulia katika Vita Vikuu vya Kwanza, akaendelea kupiga kwa mkono wa kushoto pekee.

Kijana Ludwig hakuanza na falsafa. Mwaka 1906 alijiunga na chuo cha ufundi huko Berlin, na mwaka 1908 akavuka hadi Manchester kuchunguza mambo ya urukaji. Huko alibuni rafadha ya ndege na kuipatia hataza mwaka 1911. Hesabu za rafadha zikamwingiza katika maswali ya misingi ya hisabati, na maswali hayo yakamwingiza katika mantiki. Alimwendea Mjerumani Gottlob Frege mjini Jena kutaka ushauri, naye akamwelekeza kwa Bertrand Russell. Mwishoni mwa mwaka 1911 akabisha mlangoni kwa Russell huko Cambridge. Haukupita muda mrefu kabla ya mwalimu kuanza kujifunza kutoka kwa mwanafunzi.

Vita vilipozuka mwaka 1914, Wittgenstein alijitolea katika jeshi la nchi yake. Hapo ndipo habari za karatasi zinapoanza kwa hakika, kwa kuwa alikwenda vitani na madaftari. Katika kurasa za upande wa kulia aliandika falsafa. Katika kurasa za upande wa kushoto aliandika siri zake: hofu ya kifo, upweke, sala, na jinsi alivyochukizwa na baadhi ya askari wenziwe. Kurasa hizo za siri aliziandika kwa alfabeti iliyogeuzwa, herufi ya mwisho ikikaa mahali pa herufi ya kwanza. Ni fumbo jepesi kwa mwenye subira, lakini lilitosha kumzuia mpita njia.

Kitabu chake cha kwanza kilikamilika mwaka 1918. Novemba mwaka huo akatekwa na jeshi la Italia, muswada ukiwa miongoni mwa vitu alivyokuwa navyo. Akiwa kambini Monte Cassino aliupeleka kwa Russell kwa msaada wa mwanauchumi Keynes. Wachapishaji kadhaa waliukataa. Hatimaye ulitoka kwa Kijerumani mwaka 1921, na mwaka 1922 ukatoka London ukiwa na tafsiri ya Kiingereza, kwa jina la Tractatus Logico-Philosophicus. Ni kitabu kidogo sana, lakini mwenyewe aliamini kwamba kimeyamaliza matatizo makuu ya falsafa. Kwa kuwa aliona kazi imekwisha, aliiacha falsafa. Urithi wake mkubwa aliwagawia ndugu zake, akabaki bila kitu, akaenda kusomea ualimu wa shule za msingi.

Walimu wenzangu na waisikilize sehemu hii, kwani si ya sifa tupu. Tangu mwaka 1920 hadi 1926 Wittgenstein alifundisha watoto wa wakulima katika vijiji vya Austria: Trattenbach, Puchberg na Otterthal. Alikuwa mwalimu hodari. Aliwajengea watoto mifano ya mashine, akawapeleka Vienna kutazama majengo, na mwaka 1926 akawachapishia kamusi ndogo ya tahajia, yenye kurasa zisizofika 50, ambamo maneno ya lahaja yao hayakufukuzwa. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi. Aliwapiga watoto makofi, wakiwamo wasichana walioshindwa na hesabu. Aprili 1926 alimpiga kichwani mvulana wa miaka 11, na mtoto yule akaanguka na kuzirai. Wittgenstein aliacha kazi mwezi huo huo. Takriban miaka 10 baadaye alirudi vijijini kuwaomba msamaha baadhi ya wale aliowadhuru. Hapa Kenya viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na bado wapo wanaovitetea kwa hoja kwamba mwalimu hodari hana budi kuwa mkali. Maisha ya mtu huyu yanaonyesha kwamba uhodari na ukatili waweza kukaa katika kifua kimoja, na kwamba uhodari hauufuti ukatili.

Baada ya kazi ya bustani katika makao ya watawa, na baada ya kumjengea dada yake nyumba mjini Vienna, alirejea Cambridge mwaka 1929. Alihitaji shahada, hivyo kile kitabu cha vitani kikakubaliwa kuwa tasnifu ya uzamifu, Russell na Moore wakiwa watahini. Mwaka 1930 chuo cha Trinity kikamfanya mwanachama wake. Alifundishia chumbani mwake, chenye viti vya kukunja, bila karatasi mbele yake. Aliwaza kwa sauti, akanyamaza kwa muda mrefu, akajilaumu, akaanza upya. Mwaka 1939, miongoni mwa waliohudhuria mihadhara yake juu ya misingi ya hisabati alikuwamo Alan Turing, mmoja wa waasisi wa sayansi ya kompyuta.

Uhamiaji wake haukuwa wa hiari tupu. Machi 1938 Ujerumani ya Hitler iliimeza Austria, na kwa kuwa babu na bibi zake watatu kati ya wanne walikuwa wa asili ya Kiyahudi, sheria za utawala huo zilimhesabu Myahudi. Aliomba uraia wa Uingereza akaupata mwaka 1939, mwaka ule ule aliopewa kiti cha uprofesa kilichoachwa na Moore. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili profesa huyu aliomba kazi ya mikono. Kuanzia 1941 alikuwa tarishi katika hospitali ya Guy's jijini London akipeleka dawa wodini, na baadaye akawa msaidizi wa maabara huko Newcastle. Mwaka 1947 alijiuzulu uprofesa ili apate nafasi ya kuandika, akaishi Ireland kwa muda. Mwaka 1949 aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi ya kibofu. Alifariki tarehe 29 Aprili 1951 nyumbani kwa daktari wake mjini Cambridge. Aya za mwisho katika daftari lake zina tarehe ya Aprili 27, siku mbili tu kabla ya kufa.

Sasa natuufanye uhasibu. Tangu kuzaliwa hadi kufa kwake, katika uwanja wa falsafa Wittgenstein alikuwa amechapisha kitabu kimoja kidogo, makala moja na mapitio mafupi ya kitabu cha mtu mwingine. Tukiongeza kamusi ya watoto, orodha imekwisha. Katika vyuo vyetu vya leo, ambako mhadhiri hupandishwa cheo kwa idadi ya machapisho, nadhani angestaafu akiwa mhadhiri mdogo. Lakini aliacha takriban kurasa 20,000 za miswada na chapa za taipureta. Humo ndimo lilimokuwa wazo lililougeuza mwelekeo wa taaluma ya lugha.

Wazo lenyewe ni hili. Katika kitabu cha vitani alishikilia kwamba sentensi ni picha ya hali fulani duniani, na kwamba jina husimama badala ya kitu. Katika miswada ya baadaye aliubomoa msimamo wake mwenyewe. Alisisitiza kwamba mara nyingi maana ya neno huonekana katika matumizi yake ndani ya shughuli za watu, shughuli alizozifananisha na michezo yenye kanuni mbalimbali. Mimi huwaeleza wanafunzi kwa neno letu la hodi. Je, hodi ni jina la kitu gani? Hakuna kitu hata kimoja duniani kiitwacho hodi. Hata hivyo hakuna mtoto wa Mswahili asiyejua maana yake, kwa kuwa anajua husemwa wapi, na nani, mara ngapi, hujibiwa vipi, na inampasa mtu afanye nini asipojibiwa. Au tulitazame neno pole. Hulipokea mfiwa, hulipokea aliyejikwaa, hulipokea aliyetoka kazini amechoka, ilhali anayelitamka huenda hakutenda kosa lolote. Anayetaka kuifasiri pole kwa neno moja la Kiingereza hukwama, si kwa sababu neno hilo lina kiza, bali kwa sababu maana yake imo katika desturi tunazolitumilia.

Wazo hilo lilisambaa duniani kwa kitabu cha Philosophical Investigations, kilichotoka mwaka 1953, miaka 2 baada ya mwenyewe kuzikwa. Katika wasia alioutia saini Januari 1951 aliwataja watu watatu waliokuwa wanafunzi wake: Rush Rhees, Elizabeth Anscombe na Georg Henrik von Wright. Aliwaachia hatimiliki ya maandishi yake, wachapishe kwa kadiri watakavyoona inafaa. Rhees alikuwa mzaliwa wa Marekani aliyefundisha huko Swansea, Anscombe mzaliwa wa Ireland, na von Wright mtu wa Finland. Naam, urithi wa mhamiaji ulikabidhiwa mikono iliyotoka kila pembe.

Kazi waliyopewa wasii hao haikuwa nyepesi. Wittgenstein alikuwa na mtindo wa pekee wa kuandika. Wazo lilianzia katika kidaftari cha mfukoni, likahamia katika daftari kubwa, kisha likasomwa kwa mpiga taipu. Baadaye aliichukua chapa ile, akaikata kwa mkasi vipande vipande, na kuvipanga upya. Kasha moja la vipande vya namna hiyo lilihitaji kupangwa na watu wengine kabla ya kuchapishwa mwaka 1967. Fauka ya hayo, mwaka 1950, mwenyewe akiwa angali hai, aliamuru madaftari mengi yaliyokuwa Vienna yachomwe moto. Madaftari matatu ya miaka ya vita yalipona kwa sababu moja tu: hayakuwa Vienna siku hiyo, bali yalikuwa katika nyumba ya dada yake huko Gmunden. Hayo ndiyo yanayotuonyesha leo jinsi kitabu cha kwanza kilivyokuwa kikizaliwa katikati ya milio ya mizinga.

Wasii hawakuishia katika kuchapa vitabu. Mwaka 1969 von Wright alitoa orodha kamili ya karatasi hizo, akaipa kila moja nambari: miswada ya mkono kuanzia 101, chapa za taipureta kuanzia 201, na imla kuanzia 301. Mwaka huo huo sehemu kubwa ya karatasi ikakabidhiwa maktaba ya chuo cha Trinity. Nyingine zipo Vienna, Oxford na Kanada. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Bergen nchini Norway kilianzisha hifadhi maalumu ya kuzinakili katika kompyuta, na kufikia mwaka 2000 nakala kamili ya kielektroniki ilikuwa imetoka. Mwaka 2017 shirika la UNESCO likaziingiza katika rejista yake ya kumbukumbu za dunia.

Kuna watakaouliza kama ni haki kuyafunua maandishi ya maiti, hasa zile kurasa za fumbo. Swali hili ni zito. Wasii hawakuzitia kurasa za siri katika madaftari ya vita waliyoyachapisha mwaka 1961. Mwaka 1991 mtu mwingine alizitoa kitabuni pasi na ridhaa yao, na zikazua ubishi mkali. Rai yangu ni kwamba kuhifadhi na kuchapisha ni mambo mawili. Kuchapisha kwaweza kungoja miaka 30 au 50, hata wahusika wote waishe. Kuhifadhi hakungoji. Karatasi ikishachomwa, hakuna mjukuu atakayepata nafasi ya kuamua kwa busara zaidi kuliko babu yake.

Jambo jingine ambalo karatasi hizo hutufunza lahusu lugha ya kuwazia. Kwa zaidi ya miaka 15 mtu huyu alifundisha kwa Kiingereza, katika chuo cha Kiingereza, akiwa na pasipoti ya Kiingereza mwishoni. Lakini madaftari yake yanashuhudia kwamba alipoketi peke yake na wazo gumu, aghalabu aliandika kwa Kijerumani, hadi siku mbili kabla ya kufa. Kitabu cha mwaka 1953 kilitoka na Kijerumani ukurasa mmoja, na tafsiri ya Anscombe ukurasa wa pili. Hakuna aliyesema kwamba profesa huyo amebaki nyuma kwa sababu ya kuwaza kwa lugha ya mama yake. Mwanafunzi wa Kenya anayeogopa kuandika rasimu ya tasnifu yake kwa Kiswahili, hata kama ataiwasilisha kwa Kiingereza, na alitafakari hilo.

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya tu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, yalikuwa vifuani mwa watu. Tunayasoma leo kwa kuwa Mwalimu Sikujua alimsaidia William Taylor kuyakusanya na kuyaandika katika karne ile ile, na William Hichens akayachapisha mwaka 1940. Karatasi za Taylor zipo London. Tunashukuru kwamba zipo, lakini mwanafunzi wa Mombasa anayetaka kuuona muswada wenyewe hana budi kutafuta nauli na viza.

Na je, za wasomi wetu wa leo? Mhadhiri wa Kiswahili anapofariki, chuo hutoa basi la kwenda mazishini, wasifu husomwa, na baada ya mwezi mmoja ofisi hupewa mwingine. Majalada hutolewa koridoni. Kanda za mahojiano na wazee wa vijijini, ambao nao walikwisha kwenda, huota kuvu. Nyumbani wajane na mayatima hawakuambiwa kipi kina thamani na kipi hakina, na mara nyingine karatasi za utafiti wa miaka 20 huishia kufungia karanga. Hatuwezi kuwalaumu. Wittgenstein alitaja wasii wake kwa majina. Wangapi kati yetu wametaja wao?

Ninayoyapendekeza hayahitaji fedha za wafadhili. Kila idara ya Kiswahili na isimu iwe na kabati moja lenye kufuli, na mtu mmoja mwenye jukumu la kupokea karatasi za wanaostaafu. Kila mwalimu aandike tarehe na mahali katika kila daftari lake la utafiti, kisha amtaje katika wasia mtu anayejua kuzisoma. Anayehifadhi kazi yake katika simu au kompyuta aache na nywila, maana daftari lisilofunguka halina tofauti na lililochomwa. Nanyi wanafunzi, msiyatupe madaftari ya mihadhara baada ya mtihani. Mihadhara ya Wittgenstein ya mwaka 1939 tunayo kwa sababu wanafunzi wanne waliandika walichosikia na kukitunza, ikachapishwa mwaka 1976, wakati mwenye sauti alikuwa kaburini miaka 25. Huenda mwalimu anayesimama mbele yenu kesho hana vitabu vingi rafuni. Chukueni kalamu, muandike, na mtie tarehe.